Siku moja maishani mwangu: maabara, ESR na CRP

Saa 11 alfajiri. Natoka Kimara mapema, maana mwendokasi ikishajaa hakuna cha shikamoo wala samahani. Saa 1 nimeshavaa koti jeupe. Naandika joto la friji, nawasha mashine, napima sampuli za kuhakiki. Hapo hakuna stori.

Saa 2, dirisha la kutoa damu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Choma taratibu, nimekuja na njaa."

Goti lake limevimba, kavaa kandambili mguu mmoja na kiatu mwingine. Daktari kaandika picha ya damu, pamoja na ESR na CRP, vipimo viwili vya kuona kama mwili unapambana na uvimbe au maambukizi. Vipimo hivi havihitaji mtu afunge kula, lakini wengi hujinyima chai bure. Kichupa cha zambarau kwa picha ya damu na ESR, chekundu kwa CRP.

Saa 3. ESR ni kipimo cha kizamani na mimi nakipenda. Njia tunayotumia inaitwa Westergren, kwa jina la daktari wa Sweden aliyeieleza mwaka 1921. Damu inapandishwa kwenye mrija mwembamba wenye alama hadi milimita 200, unasimamishwa wima, unaachwa saa nzima. Wekundu unashuka polepole, juu yake yanabaki maji ya manjano. Mwili ukiwa na uvimbe, protini iitwayo fibrinojeni huongezeka, seli nyekundu zinabebana na kuzama haraka. Mrija ukiinama kidogo tu, jibu linapanda. Joto nalo linalipandisha, ndiyo maana umeme ukikatika Februari, sisi wa maabara tunapiga kelele kuliko wagonjwa.

Saa 4 nasoma wekundu umeshuka milimita ngapi: mzee ana 68. Kwa umri wake wa miaka 70, kadirio la haraka la kikomo cha juu kwa mwanaume ni umri gawanya kwa mbili, yaani 35.

Saa 5 ni zamu ya CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini, na iligunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Inaanza kupanda ndani ya saa chache, inafika kilele baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikiisha inapungua nusu kila baada ya saa 19 hivi. ESR ina kinyongo: mtu kashapona, yenyewe bado iko juu wiki kadhaa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama dawa imeanza kufanya kazi, CRP ndiyo itakujibu mapema.

Saa 7, wali maharage. Binamu kanitumia picha ya majibu kwenye simu: "Kaka, CRP 14, nimesoma intaneti, ni kansa?" Namuuliza mafua yameisha lini. Juzi. Basi. Maabara nyingi huweka kikomo 5 au 10, na mafua, jino bovu, unene au sigara vinatosha kukivuka kidogo. Zikifika 100 na kuendelea, hapo daktari huwaza kwanza maambukizi makali ya bakteria.

Saa 8 daktari wa wodi ya watoto anapiga simu. Mtoto mwenye selimundu ana homa, ESR 5, CRP 110. Aamini ipi? CRP. Seli zenye umbo la mundu hazipangani vizuri, hivyo ESR hubaki chini hata mtoto akiwa hoi. Kwa mama mjamzito au mtu aliyepungukiwa damu ni kinyume: ESR hupanda bila ugonjwa mwingine wowote.

Saa 9 mzee anarudi na karatasi, kidole kiko juu ya herufi.

"Mwanangu, hii H ndiyo ile ngoma?"

"Hapana mzee! Hicho kipimo hatujakifanya leo. H ni kwamba namba imezidi kiwango."

"Sasa naumwa nini?"

"Damu inasema mwili unapambana. Haisemi na nani, wala wapi. Mpelekee daktari, goti lenyewe ndilo litasema."

Gauti, bakteria ndani ya kiungo, baridi yabisi: zote zingeweza kutoa 68 ileile.

Saa 10 kasoro inashuka bomba la sindano kutoka kwa daktari. Ni maji ya goti la mzee, manjano yenye ukungu. Tone moja naliweka kwenye kioo kutafuta fuwele za gauti, jingine linapakwa rangi kutafuta bakteria. Mwenzangu wa zamu ya jioni ameshaingia, anavaa glavu.