Kibao cha Kijani cha Xiaobei

Siku yangu ya tatu Guangzhou, China, nilikuwa nimeshakula ndizi kumi na moja. Idadi naikumbuka kwa sababu maganda nilikuwa nayaficha kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, naona haya mfagizi wa hoteli asije akayakuta.

Ilikuwa Novemba 2012, safari yangu ya kwanza nje ya nchi. Mjomba wangu, muuza pochi za kike Kariakoo, alinichukua nikajifunze biashara. Tulifikia Xiaobei, mtaa ambao wakati ule ukitoka nje usiku uliweza kusikia Kilingala, Kifaransa na Kiswahili kabla hujasikia Kichina. Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda mji mwingine, Yiwu, kuangalia mzigo, akaniachia yuan 300 na onyo moja: "Usile ovyo." Nikalibeba lile onyo zaidi ya alivyokusudia mwenyewe. Kila sufuria iliyofuka moshi mlangoni mwa mgahawa, mimi nilishaihukumu: nguruwe.

Jioni ya siku ile ya tatu akapiga simu.

"Anko, shikamoo."

"Marahaba. Umekula nini leo?"

"Ndizi."

"Na jana?"

"Ndizi. Na biskuti."

Alicheka mpaka akapaliwa. "We mtoto, dada yangu atanidai mwili wako! Nilisema usile ovyo, sikusema ufunge. Shuka, kata kushoto, tafuta kibao cha kijani. Si ulisoma chuo? Basi utakisoma."

Nikashuka. Siku tatu nilikuwa natembea katikati ya maandishi yasiyoniambia kitu. Sikuweza kutofautisha duka la dawa na saluni mpaka nichungulie ndani. Mara, juu ya mlango mwembamba, chini ya Kichina: haa, lam, alif, lam. Halali. Herufi zilezile nilizochapiwa bakora chuoni Temeke na nikaapa hazitanifaa kitu. Nilizisoma kwa sauti, barabarani, mtu mzima.

Ndani palikuwa na meza sita na watu kama thelathini. Wengine walisimama wakingoja mtu ainuke. Mwenye mgahawa alivaa kofia nyeupe, mkewe ushungi. Nikatoa salamu, akaniitikia kwa lafudhi yake huku ananisukuma nikabanane na mafundi ujenzi wawili waliokuwa wanavuta tambi kwa kelele bila aibu. Menyu ilikuwa picha ukutani. Nikanyoosha kidole kwenye bakuli la yuan 10, sawa na shilingi 2,500 hivi za wakati ule.

Zile ni tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi, wakati ule zaidi ya siku nzima kwa treni kutoka pale. Watu wa Guangzhou wenyewe ni walaji wali. Baadaye nikaja kujua kwamba wengi wanaofungua migahawa hiyo si wa Lanzhou hata kidogo, wanatoka mkoa jirani wa Qinghai; ni kama duka la mtaani Dar linavyoitwa kwa Mangi hata mwenyewe akiwa si Mchaga.

Mpishi alikuwa karibu na mlango. Akachukua donge la unga, akalivuta mpaka mikono ikafika mwisho, akalikunja, akalivuta tena, akalipiga mezani, paa! Uzi mmoja ukawa miwili, minne, minane. Nilihesabu mikunjo minane, yaani nyuzi 256, na hakuna hata mmoja uliokatika. Akazitupa kwenye maji yanayochemka bila kuziangalia, kama mtu anayetupa shati kwenye beseni.

Wakati nasubiri, nikaona birika dogo mezani. Nikanusa harufu yoyote? Sikunusa. Mimi mtoto wa Dar, nikiona kabirika na kikombe kidogo akili inakwenda kwenye kahawa na kashata. Nikamimina, nyeusi tii. Nikasema bismillahi, nikapiga funda zima.

Ilikuwa siki.

Machozi yalinitoka. Fundi mmoja akaacha kula. Kwenye meza ya kona, binti wa mwenye mgahawa, miaka saba au minane, alikuwa anaandika kazi ya shule kwenye daftari la miraba. Akaangusha penseli kwa kicheko. Mama yake akamkaripia, kisha naye akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Bakuli likaja. Mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, mweupe wa kuonekana chini, vipande vya figili, kotimiri, mafuta ya pilipili yakielea mekundu, na nyama iliyokatwa nyembamba mno. Huo ndio ubahili pekee niliouona pale. Vijiti vilinishinda. Nilikula kwa kijiko cha mchuzi na vidole viwili, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikaagiza la pili.

Kesho yake mchana nikarudi. Kabla sijakaa sawasawa, yule binti akaja na birika mkono mmoja na glasi ya moto mkono mwingine. Akainua birika, akakunja uso kama mtu aliyeng'ata limau. "Cù," akasema. Akaweka glasi mbele yangu. "Chá."

"Chai," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akanirekebisha tena, polepole: "Chá."

Birika akaondoka nalo.