Leo ni Sabato, Shusha Godoro

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri na sababu ni mimi mwenyewe.

Jumanne usiku tulikuwa kwenye grupu tunabishana bima ya afya, si mnajua ile sheria ya bima kwa wote ilipita bungeni Novemba 2023, basi huyu anasema chama tawala kinatuzungusha, yule anasema wapinzani kazi yao kukosoa tu, mara tukakimbilia Marekani, eti hata wale wakubwa serikali yao ilifungwa siku 43 mwaka 2025, Republican na Democrat wanavutana ruzuku ya bima na kila upande unasema ni wale. Mimi nilituma voisi sita. Sita! Na nikalala najiona nimewaweza.

Juu kidogo ya ubishi wetu kulikuwa na meseji ya tangu Jumapili, dada yetu anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, mtoto wake kalazwa, anaomba maombi na chochote. Niliiona. Nikaipita.

Alhamisi ndo nikaenda. Nikamkuta kakaa kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mtoto, karatasi ya bili kaifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na vihela vyake, akanikaribisha kama vile niko sebuleni kwake. Nikaanza kujitetea, oh nilibanwa. Akacheka. "Mwalimu, nilijua mko bize, niliwasikia kwenye grupu."

Yohana 5 nimeifundisha mara nyingi, yule aliyeugua miaka 38 anayesema "mimi sina mtu wa kunitia birikani". Siku zote namhurumia yeye. Safari hii nimekwama mstari wa kumi. Mtu kaponywa na Yesu, kajitwika godoro lake anaondoka, wakubwa wa Wayahudi wanamkomalia kwamba leo sabato, si halali kubeba godoro. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza miguu inaendeleaje! Hiyo miaka yote 38 walikuwa wapi?

Mpendwa, hao ni sisi. Sisemi tusiongee siasa, Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, iliposimamishwa 2023 wazazi waliumia na kuhoji ni haki yetu, hoji, kapige kura. Ila wewe unayewajua mawaziri wote kwa majina na mtoto wa dada unayekaa naye benchi moja kila Jumapili humjui anaitwa nani, hapo chama gani kimekuzuia? CCM au Chadema ndo walikukataza kupanda daladala? Nasema na wewe lakini najichapa mwenyewe kwanza.

Mpaka naandika hivi bado wako wodini, wanasema labda Jumamosi wataruhusiwa. Tukutane saa nne asubuhi pale Kirumba, bili tuimalizie pamoja, na mwenye bajaji aje nayo maana ana ndoo, beseni, mkeka na mtoto mgongoni.