Maiki Mpya, Ubeti Uleule

Leo nimekaa mezani nirekodi ubeti wa pili, nimenyanyuka hapo nikiwa mtaalamu wa maikrofoni. Ilianza na swali dogo tu: hivi hii maiki yangu haifanyi sauti iwe nzito mno? Swali likazaa swali. Nikatazama mtu akilinganisha maiki kadhaa kwa kuimba mstari uleule, nikasoma mabishano ya watu wawili juu ya aina moja ambayo, kwa jinsi walivyoongea, nadhani wote hawana. Nikajua ipi inapokea sauti ya mbele tu na ipi inazoa mpaka feni ya chumba cha pili. Nilipogeukia kompyuta, wimbo ulikuwa umefunguliwa vilevile, kile kimstari cha kurekodia kimesimama mwanzo wa ubeti wa pili.

Huo ubeti una historia. Wimbo wenyewe una kiitikio kizuri (najisifu, lakini ni kizuri kweli), ubeti wa kwanza umekaa sawa, halafu panapotakiwa ubeti wa pili nipo mimi naimba "na-na-na, mmh, na-na". Niliweka vile kushika nafasi, maneno yangefuata. Mdogo wangu ameusikia ukipita chumbani mpaka ameukariri, na akifika pale anaimba na-na-na yangu yote, pamoja na ile pumzi niliyovuta vibaya katikati. Juzi kaniuliza, "Kaka, hapo ndo maneno yenyewe?" Nikamwambia bado, nasubiri kwanza nipate maiki ya maana. Akanitazama. "Kwani maiki ndo inatunga?"

Mtoto ana mdomo huyu.

Lakini kanifanya niwaze kwa nini kununua vifaa kunakuwa na ladha ya kazi. Maana sijisikii mvivu ninapofanya utafiti wa maiki. Mvivu ningekuwa nimelala. Hapa najifunza kitu, naandika pembeni, nalinganisha, nasikiliza kwa makini kwa hedifoni. Msamiati ni uleule wa studio: kompresa, mwangwi, masafa ya chini, masafa ya juu. Mtu akipita mlangoni ataona mwanamuziki kazini. Na kifaa kikifika, mkononi una kitu kinachoonekana. Una boksi, una harufu ya plastiki mpya, unaweza kupiga picha. Ubeti wa pili ukikamilika hakuna boksi.

Jambo lingine, na hili nadhani ndilo kubwa, kifaa hakinihukumu. Kikiwa kibovu, lawama anabeba aliyekitengeneza, nitakirudisha au nitamuuzia mwingine. Wimbo ukiwa mbovu hakuna pa kuurudisha. Ndiyo maana wimbo ambao haujaisha una raha yake: unabaki mzuri kichwani. Kila anayeusikia unamwambia "hii ni demo tu", na hilo neno demo linakulinda na kila kitu. Siku ukisema "umekamilika", kinga imeondoka. Sasa watu wanasikiliza kile ulichokifanya, na ile nia yako hakuna anayeisikia.

Halafu kuna utamu wa mwanzo. Leta sintesaiza mpya (kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme) mezani leo, gusa kitufe kimoja, itatoka sauti ambayo hujawahi kuisikia chumbani kwako, na dakika hiyohiyo utakuwa umetengeneza baa nane (vipimo vinane vya mdundo) zinazozunguka. Unatikisa kichwa. Unaongeza ngoma, unaongeza besi, zinazunguka tena. Saa zinakwenda na zile baa nane bado tamu. Nina folda imejaa baa nane. Kila moja ina tarehe inayokaribiana mno na siku niliyopata kifaa fulani au plagini fulani (kiprogramu cha kuongezea sauti), nikiangalia orodha naweza kukusimulia manunuzi yangu kwa mfuatano. Kifaa kipya kinakurudisha mwanzo, na mwanzo ni mahali ambapo bado hujalazimika kukataa kitu chochote.

Kumaliza ni kukataa. Ukichagua kwamba ubeti wa pili unamhusu mama wa yule binti ninayemwimba na si binti mwenyewe, umeua wimbo mwingine ambao nao ungeweza kuwa mzuri. Ukichagua kwamba gitaa linanyamaza kiitikio cha kwanza, kuna mlio ulioupenda hautasikika. Kazi hiyo haina starehe, wala hakuna kifaa kinachoifanya kwa niaba yako. Zamani, angalau, mashine zilikulazimisha. Bendi ya Beatles walipotoa albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band mwaka 1967, walikuwa wanarekodi kwa mashine za njia nne, yaani zinazoshika sauti nne tofauti sambamba kwenye utepe mmoja, pale studio za EMI, Abbey Road, London. Njia nne zikijaa, mafundi walizichanganya zikawa moja au mbili kwenye mashine nyingine, ndipo ikapatikana nafasi ya kuongeza vyombo. Ngoma na besi zikishachanganywa hivyo zimeshikana moja kwa moja, huwezi kuamka kesho ukasema besi ishuke kidogo. Uamuzi ulifanywa siku ileile, watu wakaendelea. Programu ninayotumia mimi hainiwekei kikomo cha njia cha kuhofia, na ina kitufe cha kutengua kila nililofanya. Nashukuru. Lakini kile kitufe kimenifundisha pia kwamba hakuna kinachoisha.

Nikiwaza mambo haya namkumbuka Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walitoka Zanzibar wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Fikiria safari hiyo. Studio iko ng'ambo ya bahari, mashine si yako, fundi humjui, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 unabeba kama dakika tatu. Sauti inachongwa kwenye nta wakati huohuo mnapopiga. Akikosea mmoja katikati, hamna kukata kipande na kuunganisha, mnaanza upya kwenye nta nyingine. Ina maana wimbo ulishaisha kabla ya kukutana na mashine. Ulishaimbwa mbele ya watu, mishororo ilishapimwa kwa masikio yao. Mashine ilikuja kupokea. Mimi nina mashine mezani mwaka mzima na naitegemea initungie.

Sasa nisije nikageuka mhubiri wa "zamani ndiyo kulikuwa na muziki". Wapo wanaofanya hivyo na hadithi ya mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen, na imenichosha kidogo. Hadithi yenyewe ni ya kweli: alirekodi nyimbo za albamu yake Nebraska chumbani kwake New Jersey, kwa kinasa sauti cha kaseti cha njia nne, Portastudio 144 ya TEAC, na maikrofoni mbili za Shure SM57. Alikusudia ziwe za kuwasikilizisha wanabendi. Akawa anatembea na kaseti mfukoni, haina hata kasha. Bendi ikaingia studio kujaribu kuzirekodi vizuri, hazikukaa, na mwisho ile ya chumbani ndiyo ikatolewa Septemba 1982. Safi. Lakini angalia watu wanachofanya na hadithi hiyo: wanakwenda kutafuta Portastudio ya zamani! Mpaka kisa cha mtu aliyetumia alichokuwa nacho kimegeuka orodha ya manunuzi. Nami nilishaanza kuangalia moja, siwezi kuwacheka sana. Kinachosahaulika ni kwamba alipobonyeza kitufe cha kurekodi alikuwa na nyimbo. Za kutosha albamu nzima.

Kuhusu ubora wa sauti, hapa hesabu inasaidia kutuliza roho. Intafesi (kisanduku kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) ya kawaida siku hizi, hata ile ambayo wataalamu wanaiita ya kuanzia, inarekodi kwa biti 24 (tarakimu za kuandikia kila kipande cha sauti), ambazo kinadharia zinatoa nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 144 kati ya mnong'ono wa mwisho na sauti kubwa kabisa. CD ina biti 16, kama desibeli 96, na dunia ilisikiliza CD miaka mingi bila kulalamika. Chumba changu kikiwa kimya kabisa usiku bado kina kelele ya desibeli kama 30, kwa sababu kompyuta inapumua na barabara iko nje. Kwa hiyo kifaa ninachokidharau kina uwezo mkubwa kuliko chumba ninachokitumia. Na chumba kinarekebishika: nimesogea mbali na kona, nimetundika mablanketi mazito nyuma yangu, na ule mlio wa kopo uliokuwa kwenye sauti umeondoka kwa kiasi ambacho maiki mpya isingeuondoa.

Kuna jambo lilinifurahisha zaidi ya hapo. Kiitikio cha ule wimbo kina neno "pepo", na kila nikiliimba, zile P mbili zinapiga maiki kama mtu amepuliza. Nilikuwa nimeshaandika kwenye orodha: kichujio cha pumzi, stendi yenye mkono mrefu, na maiki nyingine isiyo na tabia hiyo. Kabla ya kununua nikajaribu njia ya mafundi wa zamani. Nikafunga penseli kwa mpira wa kufungia karatasi, wima mbele ya maiki, katikati kabisa, ili pumzi igawanyike kabla ya kufika ndani. Kisha nikageuza maiki kidogo, niimbe kuipita pembeni badala ya kuiimbia usoni. Pepo ikatulia. Nimeirudia mara kadhaa kwa furaha tu ya kuisikia imetulia. Penseli bado iko pale, imeandikwa HB.

Wahenga wana neno lao, mchagua jembe si mkulima, na wengi hulileta kwenye mada hii wakidhani limemaliza kila kitu. Silikubali lote. Mkulima ambaye mpini wa jembe lake unamtoa malengelenge kila siku, abadilishe mpini, asijifanye shujaa. Kwenye muziki pia kuna vifaa vinavyokukwamisha kweli. Sauti yako ikirudi masikioni imechelewa, hata kwa milisekunde kumi na kitu, unaanza kusita, unaivuta midundo nyuma, na unaweza kudhani huna kipaji kumbe ni mpangilio wa kompyuta. Hedifoni zinazovuja zitajaza mdundo kwenye sauti yako. Kinanda chenye kitufe kisichorudi juu kitakufanya ukwepe noti hiyo, na wimbo utabadilika bila wewe kuamua. Mambo hayo si ya kuvumilia.

Ila angalia hizo shida zinajulikanaje. Unazijua ukiwa ndani ya wimbo, umeshika kitu, kinagoma. Haziji ukiwa umejilaza unatazama watu wakifungua maboksi. Ndiyo maana nimebadilisha ile orodha yangu ya manunuzi. Mbele ya kila kifaa sasa nimeweka nafasi ya jina la wimbo: ni wimbo gani umesimama kwa sababu sina hiki? Si wimbo nitakaotunga, ni wimbo upo, una jina, na naweza kuonyesha sehemu ulipokwama. Nilipomaliza kujaza nilibaki nacheka peke yangu. Sintesaiza: hakuna. Spika kubwa zaidi: hakuna. Plagini ya mwangwi wa makanisa: hakuna, na sina hata wimbo unaotaka kanisa. Maiki ya leo, ile iliyonila jioni nzima: niliandika jina la wimbo kwa haraka, nikatulia, nikalifuta. Pale hakijakosekana kifaa. Yamekosekana maneno ya mistari minne.

Nayo maneno nimegundua yanakuja vizuri zaidi kompyuta ikiwa imezimwa. Kompyuta ikiwaka, mdundo unazunguka, na mdundo unaozunguka unakudanganya kwamba umeshasema kitu. Nimechukua daftari nikaandika barua kwa yule mama wa kwenye wimbo, barua ya kawaida, shikamoo mama, habari za tangu siku zile, bila kujali vina. Nimepata ukurasa mmoja na nusu. Mwingi ni takataka. Lakini kuna sehemu nimemwambia kwamba viatu vya bintiye bado viko kwangu, na kwamba sijui nivilete au nisubiri aje kuvifuata mwenyewe. Hiyo inaimbika. Nimeipima kwa kidole mezani na inaingia kwenye ile melodia kama nikikata neno "mwenyewe".

Itabidi niurekodi ubeti hivyo hata kama si bora kuliko yote, kwa sababu nimeshawaahidi watu wawili nitawatumia wimbo mzima Jumapili, na safari hii nimejikataza kuuita demo.

Kwenye orodha kimebaki kitu kimoja chenye jina la wimbo mbele yake: waya wa gitaa, unaokata sauti kila nikisogeza goti. Huo nanunua kesho.