Kliki, traki na mwenye kushika muda

Bendi ikishaanza kupiga na kliki, yaani mapigo ya kuhesabia muda yanayosikika hedifonini, pamoja na traki, yaani sauti zilizorekodiwa kabla, mwenye kuamua wimbo unaenda wapi hayuko tena jukwaani. Mwimbaji akitaka kurudia kiitikio kwa sababu watu wamepagawa, traki haimsubiri. Inaingia ubeti wa tatu kama ilivyopangwa. Siku hizi nawaza sana juu ya jambo hili, na naona ndilo linalopaswa kutangulia mazungumzo yote ya vifaa. Wimbo huu unahitaji kweli zile fidla na waitikiaji wanane ambao hatunao, au tumezoea tu kuwasikia kwenye rekodi?

Kwa nyimbo ambazo jibu ni ndiyo, mpango mdogo kabisa unatosha kuanzia. Faili moja la stereo: kliki yote kushoto, traki yote kulia ikiwa mono, yaani imeunganishwa kuwa njia moja. Kushoto kunakwenda kwenye hedifoni za mpiga dramu, kulia kwa fundi mitambo. Waya ni ule wenye pini ya milimita 3.5 upande wa kompyuta na pini mbili kubwa upande wa pili. Njia ya traki ipitie kisanduku cha DI, kile kinachoandaa sauti ya kifaa isafiri kwenye waya mrefu, kabla ya kuelekea kwenye miksa. DI si mapambo. Waya wa kawaida wa pini kubwa ukizidi mita tano au sita huanza kuokota kelele, na kompyuta iliyochomekwa chaja huleta ule mvumo wa umeme ambao DI yenye transfoma huukata. Udhaifu wa mpango huu ni mmoja, lakini ni mbaya: mtu akiziunganisha njia hizo mbili kuwa moja, au kompyuta ikiwa imewekwa kwenye mono, ukumbi mzima unasikia ko, ko, ko, ko. Jaribu kila njia peke yake kabla spika kubwa hazijafunguliwa.

Kadi ya sauti ya nje yenye njia nne za kutokea huondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo. Ya 1 na ya 2 ni traki kwa stereo, ya 3 ni kliki, ya 4 ni sauti ya mwongozo, yaani mtu aliyerekodiwa akitaja sehemu inayofuata. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa, iwe kubwa, sampuli 512 au 1024 (sampuli ni vipande vidogo sana vya sauti). Sampuli 512 ni kama milisekunde 12 za kuchelewa, nazo hazimdhuru mtu, kwa kuwa kliki na traki zinachelewa pamoja. Wanaoweka 64 kwa mazoea ya studio wanajitafutia mikwaruzo bure. Kama mpiga kinanda anatumia ala za kompyuta hiyohiyo hapo bafa kubwa itamsumbua, na mimi ningempa kompyuta yake.

Sauti ya kliki nayo huchaguliwa ovyo sana. Ile laini inayokuja na programu humezwa na matoazi, mpiga dramu anaiongeza, kisha anaiongeza tena. Sauti fupi na kavu, kama ya kibao cha mti au kengele ya chuma, hupenya bila nguvu. Kipimo kinachotumika sana cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua kwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Kwa hiyo hedifoni zinazoziba masikio vizuri ni muhimu kuliko kompyuta ya bei ghali.

Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika una sekunde nzima kati ya pigo na pigo, na humo mtu anapotea kirahisi. Gawanya kila pigo mara mbili. Ukipita 150, kliki ya kila pigo inachosha, basi bakiza la kwanza na la tatu. Kwenye 6/8, mwendo wa mapigo sita madogo katika makundi mawili, amueni mapema kama kliki inahesabu sita au mbili, na isibadilike siku ya onyesho.

Halafu kuna hili linalowatisha wanaoanza: mpiga dramu akigonga sawasawa juu ya kliki, kliki hutoweka, kwa sababu mlio wa ngoma unaifunika. Asiyejua husikia ukimya huo akadhani ametoka nje, anasogeza mkono kuitafuta, na hapo ndipo anapotoka kweli. Zoezi lake ni kuiweka kliki isikike vipimo viwili (kipimo ni kundi moja la mapigo, mara nyingi manne) na kunyamaza vipimo viwili, kisha kunyamaza vinne, kisha vinane, na kila inaporudi asikilize imemkuta mbele au nyuma. Ni zoezi la kuchosha. Sijui njia ya mkato.

Nani mwingine asikie kliki? Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, yaani milisekunde 3 hivi kwa kila mita. Mpiga besi aliye mita 6 kutoka kwenye monita (spika ya wanamuziki jukwaani) yenye traki anaipata milisekunde 17 baada ya kutoka, na akiifuata, anaburuta. Traki ikiwa ya kupamba tu, kliki ya mpiga dramu inatosha na wengine wamfuate yeye. Lakini wimbo ukianza kwa gitaa peke yake, au ukiwa na mahali dramu zinanyamaza, mpiga gitaa lazima awe na kliki sikioni. Mwimbaji ningempa sauti ya mwongozo tu: “Kiitikio, mbili, tatu, nne,” ikisemwa kipimo kimoja kabla. Kliki kwenye monita ya sakafuni, hapana; maikrofoni zitaiokota na kuipeleka kwa hadhira.

Kwenye faili zenyewe, tumia WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni wakati wa kutengenezwa, na ikibanwa sana njia ya kushoto inaweza kuvujia kulia. Viwango vya sampuli, yaani idadi ya sampuli kwa sekunde, visichanganywe: faili la 48,000 likisomwa kama 44,100, wimbo wa mapigo 120 unakuwa wa 110, na sauti inashuka karibu nusutoni moja na nusu. Hapo utawaona wapiga gitaa wakikaza nyuzi ambazo hazina kosa. Besi na dramu za rekodi ziondolewe kwenye traki, na kilichobaki kikatwe sauti nzito zilizo chini ya hezi 100 kisigombane na besi ya jukwaani. Sikiliza yote kwa mono, maana kinanda kilichotanuliwa kwa ujanja wa fazi, yaani mawimbi ya kushoto na kulia kupishana, kinaweza kufutika kabisa pale ukumbi unapounganisha njia. Kasi nayo isichukuliwe kwenye rekodi kwa upofu. Bendi ikiwa imesimama mbele ya watu hupenda kwenda haraka kidogo, basi rekodi mazoezi bila kliki, pima kasi, ndipo utengeneze faili. Kiitikio kikipanda kwa pigo moja au mawili kwa dakika, wimbo hupumua.

Mambo yanayoua traki jukwaani mara nyingi ni madogo: kompyuta imelala, ujumbe umelia, programu imeanza kujisasisha, mtu amekanyaga waya wa USB. Zima intaneti, zima usingizi wa kompyuta, funga waya kwa tepu, na weka kifaa cha pili chenye faili zilezile. Keith Moon, mpiga dramu wa bendi ya Kiingereza The Who, alikuwa tayari akivaa hedifoni kufuata kanda za sinthesaiza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kanda zile nazo zilikuwa na vituko vyake.

Kinachobaki ni siku mwimbaji anapoingia kipimo kimoja mapema. Bendi haiwezi kujadiliana katikati ya wimbo, na kujaribu kuisogelea traki polepole huharibu yote mawili. Mpiga dramu amfuate mwimbaji, na traki ishushwe mara moja, kwa kitufe cha mguuni pake au kwa feda (kitelezo cha sauti kwenye miksa) ya fundi mitambo. Mjue kabla ni nani kati yao mwenye kazi hiyo. Mazoezini izimwe ghafla katikati ya kila wimbo, bila onyo, muone kama kilichobaki kinasimama. Jukwaani, ikishashushwa, isirudishwe hadi wimbo unaofuata.