Difu iliyokuwa ikipoa kwenye foleni ya kivuko

Nina miaka sita navuta tela kutoka Mwanza kwenda mialo, yaani sehemu za ufukweni boti zinapopakia, ya upande wa Chato. Nabeba chakula cha samaki cha wafugaji wa vizimba: mifuko 80 ya kilo 25, tani 2 kamili, na tela lenyewe likiwa tupu lina kilo kama 600. Pikapu yangu ni ya dizeli, ya zamani kidogo. Nilishasoma kitabu chake, uzito huo uko ndani ya uwezo wake wa kuvuta.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuiwaza difu, lile boksi la meno katikati ya ekseli ya nyuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Injini ina geji ya joto kwenye dashibodi, kwa hiyo macho yangu yalikuwa huko. Difu haina geji, haina rejeta, haina feni. Inategemea upepo unaopita chini ya gari.

Kumbe ilikuwa inapata mapumziko bila mimi kujua. Enzi za kivuko, ukishapinda pale Usagara ukafika Kigongo, unakuta foleni. Unazima gari saa nzima, siku mbaya hata mbili, halafu unavushwa. Mpaka unatia gia Busisi, ng'ambo ya pili, chuma chote cha nyuma kimeshapoa. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Nililifurahia sana, maana foleni ile imeshawahi kunigharimu wateja. Nikaanza kutoka Nyakato, hapo Mwanza, hadi Geita bila kusimama, spidi 80, mzigo uleule.

Safari kama ya tano hivi, nasimama Geita kujaza mafuta, nikasikia harufu kali kama ya kiberiti kilichoungua. Utingo akainama, akaniambia, "Bosi, tairi la kulia huku ndani limelowa." Nikagusa kwa kidole: oili nyepesi, bado ya moto. Ilishapita sili ya ekseli, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, na kuingia kwenye dramu ya breki. Nilitetemeka nilipofikiria miteremko niliyopita asubuhi ile.

Nikashusha mzigo, nikarudi Mwanza taratibu na gari tupu. Fundi ninayemwamini, mzee wa Nyakato, akafungua nati ya kumwagia oili. Iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akaniuliza, "Ng'wanawane, gari hii unaiingiza ziwani?" Nikamwambia ndiyo. Mwaloni narudisha nyuma mpaka maji yafike kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, ili mifuko ipande boti moja kwa moja.

Akanionyesha kipumulio, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka kama saruji. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Isipopata pa kutokea inaisukuma oili nje kupitia sili. Halafu ukiitumbukiza ikiwa ya moto kwenye maji ya baridi, hewa inasinyaa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili zilezile. Oili yenye maji haina tena utando wa kulinda meno, kwa hiyo moto unaongezeka. Nilikuwa nimetengeneza duara la matatizo kwa mikono yangu.

Alinieleza pia kwa nini sehemu ile inachemka kuliko giaboksi. Meno ya pinioni, gia ndogo inayozungusha, hayabiringiki tu juu ya kraunwili, gia kubwa inayozungushwa, yanateleza kwa msuguano mkubwa. Ndiyo maana oili yake ni ya kiwango cha GL-5, yenye viungo vya salfa vya kulinda chuma kilichobanwa, na ndiyo ile harufu niliyoisikia. Wazo langu lilikuwa nijaze oili nyingi zaidi ili ipoe. Akanikataza. Oili inaishia kwenye mdomo wa chini wa tundu la kujazia. Ikizidi, kraunwili inaikoroga, inatoa povu, na povu halipozi kitu.

Tulibadili sili zote mbili, tukaosha breki na difu, tukaweka oili ya sintetiki yenye uzito wa 75W-140. Kikofia tulikitoa, tukafunga mpira mwembamba na kuupandisha mpaka karibu na mdomo wa tenki la mafuta. Kazi ya nusu saa.

Kisha nikanunua kipimajoto cha kuelekeza. Si vile vya kupima paji la uso tulivyovizoea wakati wa korona, vile vinaishia nyuzi arobaini na kitu. Chini ya difu nilisugua tope na kutu, nikapaka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu chuma kinachong'aa kinadanganya kipimo. Napima palepale kila mara, nikijua oili ya ndani ina moto zaidi ya ganda. Napima na habu zote mbili: habu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, tatizo ni breki inayobana au beringi, si difu.

Safari ya kwanza niliendesha makusudi kama zamani. Gari tupu siku iliyotangulia ilinipa nyuzi 61. Nikiwa na mzigo, spidi 80, Sengerema nilisoma 113. Safari iliyofuata, mzigo uleule lakini spidi 60, nilisoma 96. Nilikaa nikiitazama ile namba muda mrefu. Oili mpya niliipenda, lakini mguu wangu ndio ulioshusha nyuzi 17. Kupanga mifuko upya kulisaidia kitu kingine: zamani niliilundika mbele ya tela, mkia wa pikapu ukalala. Sasa kama sehemu moja ya kumi ya uzito ndiyo inakaa kwenye ndoano ya kuvutia tela, na matairi ya nyuma hayapati tena moto kama zamani. Joto la difu halikubadilika sana kwa hilo, maana meno yanavuta uzito wote popote ulipokaa.

Siku hizi nikishavuka daraja nasimama Busisi dakika 20, injini ikiwa imezimwa. Mwaloni siingii majini kabla doa lile jeusi halijashuka chini ya nyuzi 50. Mteja wa Chato mwanzoni alilalamika kwamba nawachelewesha wapakuaji. Wiki iliyopita alinikuta nimeinama chini ya gari, akachukua kipimajoto mkononi mwangu, akaelekeza mwenyewe. "Hamsini na nne," akasema. "Wacha tunywe chai kwanza."