Bahari Haina Ukuta: Nilivyopunguza Muda Wangu wa Kuogelea Nikiwa na Miaka 43

Mita 100 mtindo huru, bwawa la mita 25, kuanzia ndani ya maji bila kuruka: dakika 1 na sekunde 49. Huo ndio muda niliosomewa kocha aliponipima mara ya kwanza. Sasa hivi natumia 1:33. Mita 400 zilikuwa 8:20, leo ni 7:00. Kwa watoto wa klabu hizo ni namba za kuchekesha. Lakini mimi nina kazi ya kukaa kitini, kitambi kinachobisha hodi, na sekunde hizo 16 nimezivujia jasho, hata kama jasho la majini halionekani. Hazikutoka nilikodhani zingetoka, ndiyo maana naandika.

Nimekulia Raskazone, Tanga. Kuogelea hakuna aliyetufundisha. Ulisukumwa majini na kaka zako, ukajua. Na mtoto wa pwani anaogelea kichwa kikiwa nje. Unaangalia wimbi linalokuja, unaangalia mashua, unaangalia wenzako wamefika wapi, unageuka kuona kama nguo zako bado zipo ufukweni. Kwa hiyo nilipohamia Dar es Salaam na kupata bwawa la shule moja linalopokea watu wazima alfajiri, sikwenda kama mwanafunzi. Pumzi ninayo, mikono ninayo, maji hayanitishi. Nilidhani kilichobaki ni kuongeza nguvu tu.

Kocha wetu ni binti ambaye ningeweza kumzaa. Ananiamkia shikamoo kwa adabu zote, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba ameshanipa kazi ya kunitoa roho. Siku za mwanzo alisimama ukingoni akaniacha niende na kurudi, kisha akainama: “Anko, mbona kichwa juu? Unatafuta nini huko mbele? Ukuta hauhami.”

Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, na ukinzani wake una tabia ya kikatili: ukitaka kwenda kasi mara mbili, hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Maana yake mtu mzima anayejaribu kununua kasi kwa misuli ananunua bei ghali mno. Rahisi zaidi ni kupunguza kile kinachoyazuia maji yasipite. Mapafu yana hewa, yanaelea; makalio na miguu ni mizito. Ukiinua kichwa, nyuma kunazama, na unakwenda kama ngalawa iliyopakiwa mzigo wote upande wa tezi. Nilitakiwa nitazame sakafu ya bwawa, shingo imelegea, maji yakigusa utosi. Ni maelezo ya sentensi moja, lakini mazoea ya miaka thelathini hayaondoki kwa sentensi moja. Kila nilipochoka kichwa kilipanda chenyewe.

Kilichokuwa kinakipandisha, baadaye niligundua, ni pumzi. Baharini nilikuwa navuta hewa nikitaka, natoa nikitaka. Bwawani, uso ukiwa majini, nilikuwa naibana hewa yote kifuani, halafu nikigeuza uso najaribu kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja. Ile hali ya kukabwa haitokani na kukosa oksijeni, bali na hewa ya ukaa inayojikusanya mwilini. Dawa yake ni kutoa mapovu mfululizo muda wote uso uko chini, ili ukigeuka kazi iwe moja tu, kuvuta. Kocha alinitenga kwenye kona ya maji mafupi nikawa nazama na kuibuka, nazama na kuibuka, huku watoto wa darasa la tatu wakinipita. Aibu ilikuwepo. Lakini kichwa kilipotulia na pumzi ikatulia, nilipimwa tena bila kuongeza nguvu yoyote, nikapata 1:42.

Kisha ukuta. Hili ndilo ninalopenda kulisimulia, kwa sababu halikunijia akilini kabisa: bahari haina ukuta. Mtu anaweza kuogelea tangu utoto mpaka uzee pale Raskazone asigeuke hata mara moja kwa maana ya bwawani. Mimi nilikuwa nikifika naushika ukuta, navuta hewa mbili tatu, najikuna, narudi. Katika bwawa la mita 25, mita 100 zina mageuzi matatu na mita 400 zina 15. Kocha alinipima kwa kutumia bendera zile ndogo zinazoning’inia juu ya maji mita 5 kutoka kila ukuta, ambazo huwasaidia wanaoogelea chali wasijigonge. Alianza kuhesabu kichwa kikipita chini ya bendera kuingia, akasimamisha kikipita kutoka. Nilitumia sekunde 11 na nusu. Leo natumia 9 na nusu. Fanya hesabu: sekunde mbili mara tatu ni sita kwenye mita 100, na kwenye mita 400 ni nusu dakika nzima.

Sikujifunza kupinduka kichwa chini mwanzoni, na simshauri mtu mzima aanzie huko. Nilijifunza kugeuka kwa mkono, ila kwa haraka: mkono ukigusa tu, magoti yanakuja kifuani, mkono wa pili umeshaelekea ulikotoka, nyayo zinatua ukutani ubavu ukiwa chini, nasukuma. Baada ya kusukuma ndipo mali ilipo. Kiganja juu ya kiganja, mikono imenyooka na kubana masikio, tumbo limeingia ndani, na unatulia. Katika urefu mzima wa bwawa hakuna sehemu utakayokwenda kasi kuliko pale miguu inapotoka ukutani. Mimi nilikuwa naiua kasi hiyo kwa kuanza kupiga mikono mapema. Sheria za mashindano zinaruhusu kukaa chini ya maji hadi mita 15 baada ya kila ukuta, na mabingwa wanazitumia. Mkenya Jason Dunford, aliyeweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo kwenye mchujo wa Beijing mwaka 2008 kwa sekunde 51.14 kabla haijavunjwa siku hiyohiyo, alikuwa bingwa wa kiwango hicho. Mimi naibuka kwenye bendera na nashukuru.

Mikono nilidhani ni eneo langu. Niliambiwa niwe nafunga na kufungua ngumi: urefu mmoja naogelea ngumi imefumbwa, unaofuata nimefumbua. Ukifumba ngumi ndipo unatambua kwamba kinachosukuma maji si kiganja peke yake, ni mkono kuanzia kiwiko kushuka. Kiwiko kibaki juu, vidole vielekee sakafuni, halafu ndipo uvute. Kutoka mapigo 26 kwa kila urefu nikashuka hadi 21. Kwa tamaa nikaendelea hadi 18, na muda ukaharibika, kwa sababu kati ya pigo na pigo nilikuwa nateleza nikisubiri, na maji hayasubiri mtu. Nikarudi 21. Kwa hiyo mtu akikuambia mapigo machache ndiyo ustadi, muulize saa ilisomaje.

Miguu sina mengi. Vifundo vya mtu aliyevaa viatu vya ngozi miaka ishirini havikunjuki kama vya mtoto. Napiga mateke mepesi ya kuweka makalio juu, basi.

Baada ya mbinu ndipo ikaja saa, na saa ndiyo iliyonipa mita 400. Zamani nilikuwa naogelea mwendo mmoja tu, wa katikati, mpaka nichoke, halafu natoka kwenda kunywa chai. Kocha alinipima mita 400 na mita 200 siku moja, na mapumziko marefu katikati: 8:20 na 3:56. Ukitoa, unabaki na sekunde 264 kwa tofauti ya mita 200, yaani 2:12 kwa kila mita 100. Hiyo ni kadirio la kasi unayoweza kuishikilia kwa muda mrefu bila kuvunjika, na ndiyo inayopanga mazoezi. Nikawa napewa mita 100 mara nane, kila moja kwa 2:12, kupumzika sekunde 20 tu. Mbili za kwanza zinakupumbaza, unaona hili zoezi la kitoto. Ya sita unaanza kukumbuka madeni. Sharti ni moja: ya mwanzo na ya mwisho zilingane. Kila miezi michache tunapima upya. Mara ya mwisho ilikuwa 7:00 na 3:22, na hesabu ikatoa 1:49, ambao ndio muda niliokuwa nauita kasi yangu ya mwisho kabisa kwa mita 100 moja.

Siku nyingine ni za kukimbiza: mita 25 kwa nguvu zote, kupumzika vya kutosha, tena. Mara moja kwa wiki inatosha kwa bega langu. Bega lilianza kulalamika niliponunua vile vibao vya kuvaa viganjani, nimeviweka kabatini. Badala yake nina tyubu ya baiskeli niliyoifunga kwenye nondo ya dirisha, naivuta jioni nikisikiliza taarifa ya habari. Hela ya unga wa protini nayo irudi kwenye mihogo na samaki.

Jambo moja la Dar ambalo video za Ulaya hazikuambii: joto. Maji ya mashindano yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 28. Bwawa letu Februari, kaskazi imekazana, ni chai ya vuguvugu, na mwili unashindwa kujipoza. Muda wangu hupanda kila mwaka kipindi hicho. Siku hizi naweka chupa ya maji ukingoni, nakunywa kati ya mazoezi, na nalinganisha Julai na Julai.

Mwezi uliopita niliingia kwenye mashindano madogo ya watu wazima, bwawa la mita 50. Kimataifa kundi hili huanzia miaka 25 na kugawanywa kila miaka mitano, kwa hiyo niliogelea na wenzangu wa 40 hadi 44. Nilitoka na 1:37, sababu bwawa refu lina geuzo moja tu kwenye mita 100, na ukuta nilioujifunza kwa taabu nikaukuta mara moja. Kocha hakusikitika. “Anko, sasa tuanze kupinduka,” akasema. Nimeshakunywa maji mengi ya klorini puani tangu siku hiyo, na bado natokea nimeelekea leni ya jirani.