Kuku Asiyetaga Naye Ale Ashibe

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nzima nimebanwa na Mithali 12:10: "Mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, bali huruma za mwovu ni ukatili." Tumo katika majira ya majani kupukutika, mchana umefupika, na kila mwenye banda analalamika kwamba kuku wamegoma. Viota vitupu, manyoya yametapakaa kila kona, na kuku aliyesifiwa miezi yote sasa anatazamwa kwa jicho baya.

Hajagoma. Mtetea huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage vizuri. Mchana ukipungua, mwili wake husimamisha mayai na kushika kazi nyingine, kuvua manyoya yaliyochakaa na kuotesha mapya kabla baridi haijaingia. Huanzia kichwani na shingoni, hushuka kifuani na mgongoni, kisha mabawa na mkia. Kilemba hupauka na kusinyaa. Kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 12, na wengine huchelewa zaidi. Aliyemuumba ndiye aliyempangia hivyo.

Sasa sikia, mpendwa. Unyoya zaidi ya asilimia 80 ni protini. Kwa hiyo yule anayesema "hatagi, basi ale pumba" anamnyima kuku wake katika majira yale yale ambayo mwili unadai zaidi. Chakula cha kuku wa mayai huwa na protini kama asilimia 16. Wakati huu ipandishe ifike 18 hadi 20, kwa kuongeza samaki wadogo waliokaushwa na kusagwa au mashudu. Soya pia inafaa, ila ikaangwe kwanza, maana mbichi humzuia kuku kuimeng'enya protini yenyewe. Mmoja mkubwa hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, na maji karibu mara mbili ya uzito huo. Maganda ya mayai yaliyosagwa yaweke pembeni kwenye chombo chake, achukue mwenyewe akihitaji, kwa sababu asiyetaga hana haja ya chokaa nyingi.

Usimshikeshike. Kinyoya kipya kinapochomoza bado kimo ndani ya ala yake, kimejaa damu, na ukikigusa anaumia. Kikivunjika, wenzake wataidonoa ile damu bila kuacha. Mtenge, ubane pale kwa kitambaa safi mpaka ikatike, asirudi kundini kabla hajakauka. Uchunguze pia kama kweli ni kunyonyoka. Anayenyonyoka anakula, anatembea, anaparua. Akijikunja, akafumba macho mchana, akaharisha au akakonda kifuani, huyo ni mgonjwa, mwite mtaalamu wa mifugo.

Hapa niseme neno zito, tuvumiliane. Tabia ya kumhesabia kuku mayai ndipo apate chakula, tumeihamishia kanisani. Mama aliyepika kwenye kila mkutano akiugua, tunatafuta mwingine wa kupika. Mwimbaji akinyamaza, tunamwuliza anarudi lini, wala hatuulizi kama amekula. Kasome 1 Wafalme 19. Eliya amelala chini ya mretemu, amechoka mpaka anaomba afe. Malaika hakumkumbusha huduma yake wala ushindi wa Karmeli. Alimgusa akamwambia, inuka ule, na palikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, naye malaika akarudi mara ya pili na chakula. Mara ya pili, ndugu zangu! Safari ya Horebu ilikuja baada ya kushiba na kulala. Nani kati yetu amepeleka sahani ya pili kwa mtu ambaye bado hajasimama? Mpelekee wiki hii, na swali la atarudi lini uliache nyumbani.

Wapo wanaowasha taa bandani ili mayai yarudi haraka. Mimi nasema ngoja manyoya yakamilike kwanza. Ndipo uongeze mwanga kidogo kidogo, tena alfajiri badala ya jioni, kwa maana taa ikizimwa ghafla usiku kuku hubaki chini bila kuiona fito yake ya kulalia.

Bustani nayo ina zamu yake ya kupumzika, Kutoka 23:11 tunaijua. Usimwage samadi mbichi ya kuku kwenye mboga, inaunguza mizizi na ina vijidudu. Ichanganye na majani makavu, mafungu mawili au matatu ya majani kwa moja la samadi, uiache ioze mpaka iwe mboji. Vitunguu saumu hupandwa sasa, ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya 15, kisha matandazo juu yake.

Mbwa na paka wasipewe vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana mifupa hiyo hupasuka vipande vikali vya kuchoma utumbo. Panya wakikimbilia ndani kwa ajili ya baridi, tumia mtego. Paka anayemla panya aliyelishwa sumu anaweza kufa naye.

Na kabla ya kumlaumu kuku yeyote, ingia bandani usiku na tochi, uangalie chini ya fito na ndani ya nyufa. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu usiku, na kuku anayenyonywa hawezi kuotesha manyoya hata umlishe nini. Ukiwakuta, ondoa matandiko yote, sugua nyufa kwa maji ya moto na sabuni, urudie baada ya siku 7, kwa sababu mayai yao yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.